Je, moto hufundishwa kwa kitabu?

Wiki hii tunazungumza juu ya nyama ya kuchoma. Mwenye kuona kwamba jambo hili ni dogo mno kwa ukurasa wa familia tunamwomba astahimili kidogo, kwani nyumbani kwetu limetutoa machozi, na si yote yalikuwa ya moshi.

Mtaani kwetu, hapa Tanga, kwa muda wa miaka 30 na ushei hapakuwa na harusi, akika wala Idi ambayo mishikaki yake haikupita mikononi mwa ami yetu. Hakuwa mpishi kwa kazi, alikuwa seremala. Lakini alikuwa na pipa la chuma alilolipasua kwa urefu, akalitia miguu na wavu, na likishawashwa hilo hapana aliyelisogelea ila kwa ruhusa yake. Vijana waliomwuliza namna ya kubanika aliwajibu neno moja tu: "Tazama." Nasi tulitazama. Tulimwona akichagua makaa kama mtu anayechagua mchele. Tulimwona akinyosha mkono juu ya moto, kiganja chini, midomo ikimchezacheza, tukanong'onezana kwamba anaisomea nyama dua. Kisha tulikula, tukashukuru, tukaenda zetu. Alipofariki, Allah amrehemu, pipa lilibaki uani kwetu, na hapana hata mmoja katika ukoo aliyejua kulitumia.

Hilo tulilifahamu siku ya Idi el-Hajj iliyofuata. Tulirudi kuswali, mbuzi akachinjwa, na kabla ya adhuhuri minofu yake ilikuwa tayari juu ya wavu. Moto tuliuwasha kwa mafuta ya taa, tena bila ubahili, wala hatukungoja ndimi zake zitulie. Mbuzi alitoka mgumu kama mkanda. Kuku walitoka weusi kwa nje, na penye mfupa bado wana damu. Wakwe zetu walikuwa wamekaa mkekani. Hapana aliyesema neno, ila tuliona sahani moja ikisukumwa taratibu kando. Bibi yetu akaamuru watoto wanyang'anywe kuku kabla hawajadhurika, na wageni wa Idi wakala wali kwa mchuzi uliobaki wa usiku.

Binti yetu, mwenye umri wa miaka 17, ndiye aliyesema kwamba lazima ajifunze. Jamaa yetu aishiye Marekani alipokuja likizo akamletea vitabu viwili vya kuchoma nyama. Bibi alivigeuzageuza, akatazama picha, akavirudisha. "Moto hausomwi, mjukuu wangu," akasema. "Moto huotwa." Sisi tukacheka, tukawa upande wa Bibi. Leo tunaandika kukiri kwamba hatukufikiri vya kutosha.

Kwanza, hii dhana kwamba kujifunza upishi kitabuni ni mambo ya Kizungu haina msingi. Mjini Baghdad, katika karne ya 10, Ibn Sayyar al-Warraq aliandika kitabu cha upishi chenye milango zaidi ya 130, humo mkiwa na habari za vyombo, viungo, nyama na adabu za mezani. Mwaka 1226 Muhammad al-Baghdadi akaandika chake, Kitab al-Tabikh. Katika utangulizi wake anamwusia mpishi mambo ambayo bibi yeyote angeyasema: akate kucha zake mara kwa mara, asafishe vyungu vyake, achague viungo vizuri. Vitabu hivyo vinaeleza chakula kiitwacho judhaba: mkate uliotiwa utamu huwekwa chini ndani ya tanuri, na nyama ikaning'inizwa juu yake, ili mafuta yanayodondoka yasipotee bali yaingie mkateni. Neno letu tanuri, kwa taarifa ya wasomaji vijana, ni hilo hilo tannur la Kiarabu. Tulipomsomea Bibi habari hiyo alinyamaza, kisha akauliza kama mkate wenyewe ulitiwa hiliki. Tukahesabu kwamba amelegeza.

Nasi tukamkumbusha kwamba nyama ya kuchoma ina heshima yake. Katika Suratu Hud, aya ya 69, Nabii Ibrahim (A.S.) anawaletea wageni wake ndama aliyeokwa, na wafasiri wengi wanalieleza neno hanidh kuwa ni nyama iliyookwa kwa mawe yaliyotiwa moto. Ndugu zetu wa Oman mpaka leo huifukia nyama ya Idi shimoni, imefungwa majani, wakaiacha siku nzima au mbili. Wao huiita shuwa, na jamaa wengi wa Unguja wenye udugu huko wanaijua vizuri.

Basi binti alisoma. Kitabu kimoja ni cha Steven Raichlen, Mmarekani ambaye tangu miaka ya 1990 amezunguka nchi nyingi akitazama watu wanavyochoma. Cha pili ni cha Aaron Franklin wa Austin, Texas, kilichotoka mwaka 2015. Ajabu ya hiki cha pili ni kwamba mapishi ndani yake ni machache. Kurasa nyingi zinahusu kuni, moshi, moto na chombo chenyewe. Huko Texas jambo hili limefika hata chuo kikuu: Texas A&M ina somo la wanafunzi wa mwaka wa kwanza juu ya nyama ya kuchoma ya jimbo lao, na wanaolifundisha ni walimu wa sayansi ya nyama.

Somo la kwanza lililotuingia lilikuwa rahisi mno hata tukaona haya. Moto usienezwe pipa zima. Makaa yarundikwe upande mmoja, upande wa pili uachwe mtupu. Nyama huchomwa rangi penye makaa, kisha huhamishiwa upande mtupu, ikafunikwa, ikaiva kwa joto lisiloiunguza. Kuku wetu wa Idi walikufa mara mbili kwa sababu hiyo tu. Kitabu kinataka kuku afike nyuzi 74 ndani kabisa, karibu na mfupa. Kipimajoto kidogo cha kuchomeka kinatoa jibu kwa sekunde chache, na kwa nyumba yenye watoto na wazee tunakihesabu kuwa ni chombo cha lazima kama kisu. Somo jingine: ule mchuzi uliorowekewa nyama mbichi usirudishwe kupakwa juu ya nyama iliyokwisha kuiva. Hili tulikuwa tukilifanya, tena kwa fahari.

Lakini lililotukalisha chini ni habari ya mbuzi. Mnyama akishachinjwa, misuli yake hukakamaa kwa saa nyingi kabla ya kulegea tena. Aliyechinjwa baada ya Swala ya Idi na kuwekwa motoni saa mbili baadaye yumo katikati ya ukakamavu huo, na hakuna kiungo kitakachomlainisha. Dawa yake ni baridi na subira: nyama ipumzike kwenye friji hadi kesho yake, na ya ng'ombe zaidi. Hapo ndipo tulipokumbuka kwamba wazee wetu siku ya Idi huanza na maini. Ini si msuli, halikakamai hivyo. Sisi tulidhani ni mazoea tu. Asiye na friji asijaribu kuilaza nyama juani au kabatini kwa joto la pwani. Aichemshe siku ile ile, au aigawe mapema, na huko kugawa ndiko hasa kulikokusudiwa.

Kuhusu papai bichi, kitabu kilithibitisha jambo lililokwisha kujulikana kila uani hapa pwani. Utomvu wake una kimeng'enya kinachokata nyuzi za nyama. Kilichoongezwa ni onyo la muda: nusu saa hadi saa moja kwa vipande vya mishikaki yatosha. Ukiiacha usiku kucha utaamka umekuta uji. Na ndimu nyingi kwa muda mrefu huiva nyama kwa juu kabla haijaona moto, ikawa kama chaki.

Sasa kidari. Hiki ndicho kipande ambacho watu wa Texas wanakiabudia, tusemeshwe hivyo, na binti yetu alikitaka kwa shauku. Kidari kimejaa utando mgumu, wenyewe huuita kolajeni, ambao kwa moto wa haraka hauliki. Kwa moto mdogo wa saa nyingi huyeyuka, ukawa ule ute tunaoujua katika supu ya kongoro. Kitabu kinasema saa 10, 12, hata zaidi. Tena kinaeleza kwamba nyama ikifika kama nyuzi 70 ndani, joto hugoma kupanda kwa muda mrefu, na wanaojifunza hutaharuki, wakaongeza moto, wakaharibu kila kitu. Sababu ni kwamba nyama inatoa jasho, na jasho linapokauka huipoza. Bibi alipoelezwa hivyo alicheka sana. "Si ndio mtungi!" akasema. Na kweli ni mtungi: maji hupenya udongo, yakakauka kwa nje, ya ndani yakabaki baridi. Bibi hajui kusoma Kiingereza hata herufi moja, na aliifahamu ile sura ngumu ya kitabu kabla yetu.

Binti alikipika kidari hicho kwa saa tisa. Mkaa ulioteketea siku ile hatutautaja kiasi chake, maana mwenye nyumba anasoma gazeti hili. Kilitoka kikavu kama gome.

Hapo ndipo tulipofahamu kile ambacho kitabu hakiwezi. Mwandishi anasema kweli, lakini ni kweli ya nyama yake. Ng'ombe wa Texas aghalabu amemalizia siku zake akilishwa nafaka; mafuta yamepenya ndani ya mnofu, na yanapoyeyuka huilinda nyama saa zote hizo. Ng'ombe wetu ametembea. Amekula majani ya njiani, akavuka mabonde kwenda mnadani, na mnofu wake ni mwekundu mtupu. Kitabu hakikumwona, basi hakikumwandikia. Baada ya majaribio matatu binti alipata njia yake: saa mbili upande usio na makaa ili nyama ipate moshi, kisha kidari hukunjwa katika jani la mgomba lililopitishwa motoni, kikatiwa sufuriani na maji kidogo na vipande vya mafuta, kikafunikwa hadi uma uingie bila kushindana. Wamarekani nao hufunga nyama yao katikati ya safari, ila wao hutumia karatasi ya bucha. Jani letu lina harufu nzuri zaidi. Hapo hatutaki mjadala.

Lipo na jambo la nani ameshika kalamu. Kusini mwa Marekani, kazi ya shimo la moto kwa vizazi na vizazi ilifanywa na Waafrika waliokuwa watumwa, na baada yao watoto wao. Lakini walioandika vitabu na kupata jina aghalabu walikuwa wengine. Mwaka 2021 Adrian Miller alitoa kitabu, Black Smoke, kurudisha heshima hiyo kwa wenyewe. Tulipolisoma hilo tulitazamana. Ami yetu naye hakuwa na kalamu.

Tukaja kwenye darasa. Yapo sasa mijini madarasa ya upishi ya siku moja au mbili, na binti alitamani kwenda, nasi tukamlipia na kumsindikiza. Jiko lilikuwa la gesi, safi, linawashwa kwa kidole. Mwalimu alikuwa mtu mpole, na tulifaidika naye kwa namna ya kushika kisu na kukata nyama kinyume cha nyuzi zake, jambo ambalo peke yake lilipunguza ugumu nusu nzima. Ila ilipofika kuroweka nyama, akaleta bia. Tukauliza. Akajibu, kwa nia njema, kwamba kileo chote hutoweka motoni.

Jibu hili mtalisikia mahali pengi, nasi tunapenda mlijue vizuri. Si kweli. Majedwali ya Idara ya Kilimo ya Marekani yanaonyesha kwamba chakula kilichopikwa na kileo kwa dakika 15 hubakiwa na kiasi cha asilimia 40 ya kileo hicho, na hata baada ya saa mbili na nusu hubaki kama asilimia 5. Na hata kama kisingebaki kitu, kununua na kushika chupa yenyewe ni mlango mwingine, ambao hukumu yake tunawaachia masheikh zetu. Binti yetu alikaa kando kwa zoezi lile. Hakuna aliyemdharau, lakini mtoto kukaa peke yake kitini huku wenzake wanacheka mezani si jambo jepesi, na njiani kurudi hakusema mengi. Lau tungeuliza kabla ya kulipa, pengine mwalimu angetayarisha njia nyingine. Ulizeni kabla ya kulipa.

Nyumbani tulikaa tukajiuliza bia ile ilikuwa inafanya kazi gani: uchachu kidogo, uchungu kidogo, utamu unaogeuka rangi. Ukwaju na tende zilizopondwa zinafanya yote hayo. Vivyo hivyo, kila mahali kitabu kinapotaja bega la nguruwe la kupikwa polepole na kuchambuliwa, bega la kondoo au la ng'ombe huingia bila taabu, maana kinachotafutwa ni ule utando unaoyeyuka. Na kuna moja ambalo wengi hatukulitambua: brashi nyingi za kupakia mafuta zenye nywele za asili hutengenezwa kwa nywele za nguruwe. Nunueni za silikoni, au fanyeni kama wazee, mfunge kishada cha majani ya mchaichai.

Mpaka hapo binti alikuwa anajua mengi, na mishikaki yake ilikuwa mizuri. Lakini haikuwa ile. Kila aliyekula alisema "mashaallah", kisha akanyamaza kidogo, na sote tulijua anamkumbuka nani.

Ndipo siku moja, akisoma kile kitabu cha Raichlen, akafika mahali pa kupima moto bila chombo. Mwandishi anafundisha unyoshe kiganja juu ya wavu na uhesabu sekunde kwa kutamka neno refu, naye anatumia jina la mto, Mississippi. Ukishindwa kustahimili kwenye la pili au la tatu, moto ni mkali. Ukifika la sita au zaidi, ni wa wastani. Binti akafunga kitabu. Akavaa baibui, akaenda moja kwa moja kwa mjane wa ami, nasi tukamfuata bila kuelewa.

"Shikamoo, Bibi mdogo. Marehemu alikuwa akisema nini akiweka mkono juu ya moto?"

Mjane alimtazama kana kwamba ameulizwa rangi ya mlango wake mwenyewe. "Alikuwa akisema SubhanAllah. Mkono ukichoka kwenye ya tatu, ndio moto wa mishikaki. Ukichoka kwenye ya saba, ndio wa kuku. Ikiwa mkono hauchoki, ongeza makaa."

Tukauliza mbona hakutuambia siku zote zile. Hapo mama yule alitukata kauli. "Nani alimwuliza? Nyinyi mlikuwa mkiuliza kama imeiva."

Hatukuwa na la kujibu. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akiroweka nyama zote hizo usiku wa kuamkia harusi, miaka 30, na hapana aliyekwenda kumwuliza naye. Sasa kila Jumamosi baada ya alasiri binti hukaa naye na daftari. Mama akisema "chumvi kidogo", binti humwomba aitie kwanza kwenye mizani, kisha ndipo iingie bakulini. Mwanzo alikasirika, akasema haya si mapishi bali ni duka. Sasa anangoja mizani mwenyewe. Tumekwisha kujua kwamba alikuwa akitia bizari nyembamba iliyokaangwa kavu, na tangawizi mara mbili ya kitunguu saumu, na kwamba mafuta ya mkia wa kondoo yalikuwa yakiwekwa kipande kimoja kwa kila vipande vinne vya nyama. Maswali haya kitabu ndicho kilichotufundisha kuyauliza. Majibu yalikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Inshaallah mwezi wa Shawwal mpwa wetu anaolewa, na bibi harusi mwenyewe ameomba kwamba mishikaki iwe ya pipa la ami. Baadhi ya wazee walisita msichana kusimama motoni mbele ya wageni wanaume. Tumekubaliana pipa liwekwe uani upande wa wanawake, na vijana wabebe sinia kupeleka nje. Makaa yamekwisha kununuliwa. Mjane wa ami amesema atakuja, ila anataka kiti chake kiwekwe karibu na wavu. Hatapika, amesema, atahesabu tu.